Baada ya kupigwa msasa, nani anarudi kuwauliza?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni mkunga. Nilifanya kazi leba miaka 19, na miaka 11 iliyofuata nimekuwa mkufunzi wa mafunzo kazini kwa wauguzi, wakunga na matabibu. Magazeti yetu, lenu likiwamo, yanakipenda sana kichwa kimoja cha habari: "Wahudumu wa afya wapigwa msasa." Chini yake kuna picha ya pamoja, idadi ya washiriki, maneno ya mgeni rasmi na vyeti vikikabidhiwa. Habari inaishia hapo. Sijapata kusoma habari ya pili, ya miezi sita baadaye, ikieleza hao waliopigwa msasa walirudi kazini wakakuta nini.

Siwalaumu waandishi. Hata sisi tuliokuwa tukiendesha mafunzo hatukuwa na habari hiyo ya kuwapa, kwa sababu hatukuitafuta.

Nieleze tulivyokuwa tukijipima. Asubuhi ya siku ya kwanza tunagawa mtihani wa maswali 20. Siku ya mwisho tunagawa mtihani ule ule. Alama zikipanda, tunasema watu wameelimika. Kisha inakuja fomu ya maoni: ukumbi ulikuwaje, mwezeshaji alieleweka, mada zina manufaa, weka alama kuanzia 1 hadi 5. Watu wanaijaza wakiwa wameshafunga mabegi, wengine wamesimama mlangoni. Nyingi nilizozipokea zina 5 kuanzia juu hadi chini, na ukiziangalia vizuri unaona kalamu imeteremka bila kunyanyuliwa. Tunajumlisha, tunapata asilimia ya kupendeza, tunaiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ripoti za namna hiyo nimeandika nyingi, na niliziamini kwa moyo wangu wote.

Wala hakuna anayeweza kusema elimu haikuwapo. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha makala zake kuhusu kupima mafunzo kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na mwishowe kuna matokeo gani. Kwetu sisi matokeo ni mgonjwa. Fomu yetu ya mlangoni ni ngazi ya kwanza. Mtihani ni ngazi ya pili. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado wengi wetu tunasimama kwenye ngazi hizo mbili, tunapiga picha, tunaondoka.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi kijana niliyemfundisha mwenyewe. Sitamtaja, wala sitataja kituo chake wala mahali kilipo, kwa sababu aliniomba hivyo na nikamwahidi.

Mafunzo yalihusu kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Wenzangu wa leba wanajua: una dakika moja tu. Unamkausha, unamsugua mgongo, kama njia ya hewa imeziba unaisafisha, na akiwa bado hapumui unachukua ambu, ule mfuko wa kubana kwa mkono unaosukuma hewa, unambana barakoa puani na mdomoni, unampulizia kwa kasi ya mapulizo kama 40 kwa dakika huku ukitazama kifua kinapanda. Tulikuwa tukifundishia mwanasesere. Kijana huyu alipata 19 kati ya 20, na mikono yake kwenye mwanasesere ilikuwa mizuri kuliko ya yeyote katika kundi lile.

Miezi minne baadaye nilipita katika kituo chake kwa shughuli nyingine kabisa. Alikuwa zamu ya usiku na leba ilikuwa tulivu. Tulisalimiana, tukakaa kwenye benchi nje ya chumba, nikamuuliza bila fomu wala kalamu, "Tangu tuachane, umepata mtoto wa kumpulizia?"

Akanyamaza kidogo. "Wawili, mama."

"Ikawaje?"

"Wa kwanza nilimpulizia. Wa pili sikumpulizia."

Sikusema kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule kunyamaza ndiko kulikomfanya aendelee, na siku hizi nawafundisha wengine wakae hivyo hivyo.

"Mama," akasema, "yule mwanasesere wenu hana mama."

Akanieleza. Darasani mwanasesere amelazwa juu ya meza, taa iko juu, mwenzako yuko ubavuni anakupa unachotaka, na mkufunzi anakwambia "vizuri, endelea." Usiku ule alikuwa peke yake. Mtoto alitoka akiwa mlegevu. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka na mama alikuwa anatoka damu. Na mama yule alikuwa macho, anamtazama usoni, anauliza, "Sista, mbona halii? Mbona halii?" Akienda na mtoto mezani, anamwacha mama na damu. Akibaki na mama, mtoto hapumui. Akamsugua mtoto mgongo palepale kitandani, akaendelea kumsugua, huku akimjibu mama kwamba atalia, atalia sasa hivi. "Mikono ilikuwa inajua la kufanya," akaniambia. "Lakini yule mama alikuwa ananiuliza."

Mtoto hakuishi.

Akaniingiza chumbani anionyeshe. Kutoka kitandani hadi kwenye meza ya mtoto nilihesabu hatua 14, kona moja katikati. Ambu ilikuwa kwenye droo ya chini, chini ya mashuka yaliyokunjwa. Alipoitoa, barakoa iliyokuwa imefungwa juu yake ilikuwa ya mtoto mkubwa. Ya mtoto mchanga ilikuwa imeteleza nyuma ya droo. Tulipiga magoti wawili tukaitafuta kwa tochi ya simu.

Mhariri, nirudie: kijana huyu alipata 19 kati ya 20, na fomu yake ya maoni ilijaa alama za 5. Katika ripoti yangu alikuwa ushahidi kwamba mafunzo yamefanikiwa. Hakuna swali katika karatasi zangu zote ambalo lingeniambia habari ya ule mlio wa "mbona halii," ya kondo, ya hatua 14, wala ya barakoa iliyoteleza nyuma ya droo. Zile si habari za kuhesabu. Ni habari za kusimuliwa, na mtu husimulia akiulizwa na anayetaka kusikia.

Tulibadilisha mafunzo. Sasa mmoja wa washiriki anakaa nyuma ya mwanasesere akiwa mama, na kazi yake ni kuuliza bila kuchoka. Mshiriki anafanya zoezi mara moja na mwenzake, mara mbili akiwa peke yake. Anafundishwa kumpulizia mtoto palepale kando ya mama, na nini cha kumwambia mama huku mikono inaendelea. Kila mzazi akikaribia kujifungua, ambu yenye barakoa sahihi inawekwa karibu na kitanda, imeshajaribiwa. Yote hayo yalitoka katika mazungumzo ya kwenye benchi.

Najua jibu ninalopewa ofisini nikisema haya: "Hiyo ni hadithi ya mtu mmoja. Tupe namba." Namba naziheshimu. Namba ndizo zilizowaonyesha watafiti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali moja ya vijijini kaskazini mwa Tanzania, kwamba mafunzo ya siku moja ya jambo hili hili yaliwafanya wahudumu wawe bora zaidi kwenye mwanasesere, lakini huduma kwa watoto halisi leba haikubadilika. Bila kuhesabu tusingejua kwamba kuna pengo. Hospitali hiyo hiyo baadaye ilianzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Namba inakwambia kuna kitu hakijafika kwa mgonjwa. Kilipokwama, na kwa nini, hiyo inabidi uende ukaulize.

Mfano mkubwa zaidi ni wa jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kwamba vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi vilikuwa vimepunguza sana maambukizi ya damu yatokanayo na mipira ya mishipani, na dunia nzima ikaanza kuzungumza juu ya orodha fupi ya hatua za kufuata. Uingereza nayo ikajaribu. Maambukizi yalishuka, lakini vyumba vilivyokwisha kuanza mpango havikushuka kwa kasi kuliko vile vilivyokuwa bado vinasubiri zamu yao. Orodha ilikuwa ile ile. Watafiti wakiongozwa na Mary Dixon-Woods ndio waliorudi nyuma kuuliza kilichofanya kazi Michigan hasa ni nini. Walichokikuta kilikuwa ni watu: vyumba vilivyojiunga kama mtandao, vikatazamana na kuoneana haya, vikaanza kuyaona maambukizi kuwa ni tatizo lao wenyewe linaloweza kuondolewa. Uingereza, walipokwenda kukaa wodini na kusikiliza, walikuta sehemu nyingi mpango umepokelewa kama agizo jingine kutoka juu. Hilo huwezi kulipata kwa kuhesabu mipira.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna hatari ya mtu kusoma barua hii akadhani kila anayekwenda wodini na daftari amefanya tathmini. Mbinu za kimaelezo, yaani za kusikiliza na kutazama badala ya kuhesabu, zina kanuni zake, na ukizivunja unavuna uongo ulio mtamu kuliko ule wa fomu. Sisi wenyewe tulianza vibaya. Baada ya yale ya benchi nilichangamka, nikaitisha majadiliano ya kikundi katika kituo kingine. Nikaongoza mwenyewe, mimi niliyewafundisha. Mkuu wa wodi akaomba kukaa nasi, nikaona haya kumkatalia. Watu 9 walikaa duara. Kila nilipouliza swali, vijana walimtazama kwanza mkuu wa wodi, kisha wakanitazama mimi, kisha wakasema mafunzo yalikuwa mazuri sana ila waongezewe siku. Saa nzima hivyo. Nilitoka na kurasa 6 ambazo hazina kitu.

Anayeuliza asiwe yule aliyefundisha, wala asiwe bosi wa anayeulizwa. Wauguzi wakae na wauguzi, matabibu na matabibu. Ukiwachanganya, mwenye koti jeupe refu ndiye atakayezungumza. Na swali lenyewe lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiuliza "Je, mafunzo yalikusaidia?" umeshamwekea mtu jibu mdomoni, maana nani atakuwa hana adabu ya kusema hapana? Mwaka 1954 John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa ametokea kwenye uchunguzi wa marubani wa vita, alichapisha njia ya kuuliza juu ya tukio moja halisi: lini, ulikuwa wapi, ulifanya nini, ikawaje. Hiyo ndiyo tunayotumia sasa. "Nisimulie mgonjwa wa mwisho uliyempa huduma hii." Mtu akianza kusimulia mgonjwa, adabu inakaa pembeni na kazi inajitokeza.

Kutazama watu wakifanya kazi nako kuna mtego. Mwaka 2006 Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichapisha utafiti walioufanya Arusha. Waliona kwamba matabibu wakishajua wanatazamwa, ubora wa huduma unapanda ghafla, kisha baada ya wagonjwa kati ya 10 na 15 hivi unarudi pale ulipokuwa. Nilipousoma nilicheka peke yangu kwa uchungu, maana ziara zetu za usimamizi zilikuwa zikitazama wagonjwa watatu, tunapiga mhuri, tunaondoka. Tulikuwa tunatazama mgeni akipokelewa. Sasa mtazamaji anakaa siku mbili kamili, ikiwamo usiku mmoja, na maandishi ya saa za kwanza hatuyategemei sana.

Idadi ya watu wa kuwahoji ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Hapa hakuna kanuni ya asilimia. Unahoji mpaka maelezo yanaanza kujirudia na mtu mpya hakuongezei jambo. Katika uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, wa mahojiano 60 na wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi, mambo makuu yalikuwa yameshajitokeza yote ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Mahojiano 12 si mzigo wa kuivunja ofisi yoyote. Lakini yawe 12 yaliyochaguliwa: wa zamu ya usiku, wa zamu ya mchana, mgeni kazini, mkongwe, aliyefaulu mtihani, aliyeufeli, na hasa yule ambaye tangu arudi hajatumia mafunzo hata siku moja. Huyo wa mwisho ndiye ninayemtafuta kwa tochi. Ipo njia nyingine maarufu, iliyobuniwa na Rick Davies alipokuwa kwenye mradi Bangladesh miaka ya 1990, ya kuwaomba watu wasimulie badiliko kubwa zaidi waliloliona. Naipenda, na watu huifurahia, lakini peke yake inakuletea mavuno na kukuficha magugu. Mimi huongeza swali la pili kila mara: nisimulie siku ulipojua la kufanya, ukashindwa kulifanya.

Mazungumzo yarekodiwe kwa ridhaa, yaandikwe neno kwa neno, yasomwe na watu wawili kila mmoja kivyake kabla hawajakaa pamoja kubishana. Ndiyo, inachosha. Saa moja ya sauti inaweza kukula siku nzima ya kuandika. Lakini kwenye kuandika neno kwa neno ndipo unapoona mambo. Kuna muuguzi katika mahojiano yetu alisema "tunafanya" kila alipoeleza yanayofundishwa, na "nilifanya" kila alipoeleza yaliyotokea kweli. Mwenzangu aliyekuwa akinukuu ndiye aliyeligundua. Tuliporudi kwenye kurasa nyingine tukalikuta tena na tena, na ikawa njia yetu ya kujua mtu anasimulia kitabu au anasimulia usiku wake.

Na siri. Hili nalisisitiza kwa wakubwa wangu bila woga. Kijana wa benchi alinipa maneno ambayo yangeweza kumfikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Kama tathmini itatumiwa kutafuta wa kuadhibiwa, basi mwakani mtapata tena alama za 5 kutoka juu hadi chini, na watoto wataendelea kusuguliwa mgongo. Anayehojiwa ajue kabla hajafungua mdomo ni nani atakayesikia, sauti itatunzwa wapi na itafutwa lini. Mkubwa asiyeweza kuahidi hayo asitume mtu wa kuuliza.

Ombi langu kwa wanaopanga na kulipia mafunzo ni kwamba kurudi kuuliza kuandikwe katika mpango tangu mwanzo, pamoja na siku zake na watu wake. Kila mara nimesikia kwamba bajeti ya ufuatiliaji itatazamwa mafunzo yakiisha, na yakiisha huwa imeshakwenda kwenye kundi jingine la washiriki, maana washiriki wengi wanapendeza kwenye ripoti. Ningekuwa na uwezo ningefundisha makundi matatu badala ya manne, na fedha za la nne ningezitumia kuwatembelea washiriki wa hayo matatu miezi mitatu na miezi sita baadaye.

Kwako, Mhariri, nina ombi dogo. Mwandishi wako akialikwa kwenye kufunga mafunzo ya wahudumu wa afya, apige picha yake kama kawaida, kisha amuulize mwenyeji mbele ya mgeni rasmi: mtarudi lini kwa hawa, na atakayerudi kuwauliza ni nani? Aandike jibu atakalopewa, na tarehe. Tarehe ikifika, ampigie simu.

Yule kijana bado yuko leba, bado yuko zamu za usiku. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniambia wamesogeza meza ya mtoto. Sasa ni hatua tatu kutoka kitandani.

Mkunga na mkufunzi wa mafunzo kazini
(jina langu unalo, naomba lisichapishwe)